Mrushaji aliyepiga kuliko wapigaji: Wes Ferrell na wastani wa ligi

Nyuki wa Tabora

Wakuu, habari za usiku. Najua wapenzi wa besiboli humu tunajuana kwa majina, na nusu yetu tuliingia kimakosa tukitafuta matokeo ya Simba na Yanga. Ila kuna namba zinaninyima usingizi tangu juzi, acha nizishushe hapa tuzibebe pamoja.

Kwa asiyejua: kwenye besiboli mrushaji kaajiriwa kwa ajili ya mkono wake. Kazi yake ni kurusha mpira ili mpigaji wa upande wa pili akose. Lakini kwa zaidi ya miaka mia, zamu ikimfikia na yeye alitakiwa ashike gongo akapige. Wengi wao walikuwa aibu tupu. Mwaka 2021, msimu wa mwisho warushaji wa National League (moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya Marekani) kupiga kama kawaida, wastani wao wote kwa pamoja ulikuwa .110. Yaani katika kila mara mia, pigo salama (lile linalomfikisha mpigaji kwenye besi, yaani kituo cha kukimbilia) ni kumi na moja. Mwaka 2022 ligi zote mbili zikawa na mpigaji maalumu anayeshika zamu ya mrushaji (American League walikuwa naye tangu 1973), habari ikaishia hapo.

Hiyo .110 iweke mfukoni. Sasa kuna mtu anaitwa Wes Ferrell, mtoto wa Greensboro, North Carolina, kazaliwa 1908. Alirusha ligi kuu kati ya 1927 na 1941, miaka yake mizuri akiwa Cleveland na Boston. Namba zake za gongo kwa maisha yote: mara za kupiga 1,176, mapigo salama 329, kati ya hayo ya besi mbili 57, ya besi tatu 12, na homrani (mpira uliopigwa ukavuka ukuta) 38. Wastani .280. Slagingi .446.

Slagingi ya American League nzima miaka hiyo ya thelathini ilikuwa inachezea kwenye .400, msimu huu juu kidogo, msimu ule chini kidogo. Na ndani ya wastani huo wamo watu waliokuwa wanalipwa kwa kupiga tu, akina Lou Gehrig na Jimmie Foxx. Huyu mrushaji yuko juu ya huo wastani kwa pointi arobaini na kitu.

Hoja yangu ni hii: Ferrell hakuwa mrushaji anayejuajua kupiga. Alikuwa mpigaji kamili wa ligi kuu ambaye pia alikuwa anarusha. Karibuni mnipinge.

Chapa Lapa

Mkuu mimi ni kati ya wale wa Simba na Yanga, ila nimeshakaa. Slagingi ndiyo mdudu gani?

Nyuki wa Tabora

Karibu mkuu, tena umeuliza la maana.

Wastani wa kawaida wa kupiga haujali pigo lilikuwa kubwa au dogo. Mpira ukidondoka mbele ya pua ya mlinzi ukafika besi ya kwanza ni pigo moja, ukivuka ukuta ukapotelea mtaani ni pigo moja. Slagingi inahesabu besi. Pigo la besi moja linalipa 1, la besi mbili 2, la besi tatu 3, homrani 4. Jumlisha, gawa kwa mara za kupiga.

Chukua msimu wake wa 1931 akiwa Cleveland. Mara za kupiga 116, mapigo salama 37. Toa ya besi mbili 6, ya besi tatu 1, homrani 9, zinabaki za besi moja 21. Sasa piga hesabu mwenyewe.

Chapa Lapa

21 + 12 + 3 + 36 = 72. Gawa kwa 116... simu inasema 0.6206.

Nyuki wa Tabora

Ndiyo hiyo, .621. Msimu huo ligi nzima ilikuwa chini ya .400. Na homrani 9 kwa msimu mmoja akiwa mrushaji ni rekodi mpaka leo.

Mhasibu Mstaafu

Nimekagua na zile za maisha yote, maana siku hizi watu wanabandika tu. 222 za besi moja, ongeza 114, ongeza 36, ongeza 152. Jumla besi 524. 524 kwa 1,176 ni .4456. Vitabu viko sawa.

Homrani moja kila mara 31 za kupiga. Wastani wa kazi nzima, siyo msimu wa bahati.

Mwana wa Likoni

Salaam kutoka Mombasa. Nyuki umeandika vizuri lakini kuna mambo mawili umeyaruka kama mtu anayeruka dimbwi.

La kwanza, uwanja. Fenway Park ya Boston ina ule ukuta wa kushoto. Ni mrefu kwenda juu, mita kama kumi na moja, lakini uko karibu. Mpigaji wa mkono wa kulia anauona kama ukuta wa jirani. Ferrell alikuwa anapiga kwa mkono wa kulia. Umeliweka hilo kwenye hesabu?

La pili, mara 1,176 ni kitu gani? Mpigaji wa kila siku anazifikisha kwa misimu miwili na ushee. Wewe unachukua misimu miwili ya mtu iliyokatwakatwa vipande ikatawanywa miaka kumi na mitano, halafu unataka tumpe cheo.

Nyuki wa Tabora

Likoni, nilijua utakuja. La uwanja nakupa nusu. Boston alifika 1934. Ile 1931 ya homrani 9 alikuwa Cleveland, na nyumbani kwao kulikuwa League Park. Pale ukuta wa karibu ulikuwa wa KULIA, mita 88 hivi, neema ya wanaopiga kwa mkono wa kushoto. Upande wa kushoto, ambako mtu wa mkono wa kulia ndiko anakovutia mpira, ilikuwa zaidi ya mita 110. Kwa hiyo msimu wake mkubwa kuliko yote kwa nguvu aliufanya kwenye uwanja uliomnyima.

Idadi ya mara za kupiga nakubali ni ndogo. Lakini hiyo ndiyo idadi ya kila mrushaji, hutaipata kubwa zaidi ya hapo sana.

Fundi Saa

Kuhusu kutawanyika kwa miaka kumi na mitano, mimi naona kinyume cha Likoni. Mpigaji wa kila siku anaamka, anapiga, kesho anapiga, keshokutwa anapiga. Jicho linazoea. Mrushaji anarusha leo, kisha anapumzisha mkono siku kadhaa. Ni sawa na kumwambia mshonaji ashike cherehani mara moja kwa wiki halafu ushono wake ulingane na wa yule anayeshona kutwa. Kwamba jamaa alilingana nao ndiyo ajabu yenyewe.

Dokta wa Mpira

Nimesoma kimya kimya, sasa niingie. Nyuki, hesabu yako ni sahihi ila mizani yako imepinda, na hakuna aliyekushika.

Huo wastani wa ligi wa .400 umejumlisha na warushaji. Wale wale wa aibu tupu. Kila timu, mmoja kati ya wapigaji tisa alikuwa mrushaji anayevuta wastani chini. Kwa hiyo unapomlinganisha Ferrell na wastani wa ligi, unamlinganisha na kikapu chenye maembe mabovu ndani. Lazima ang'ae.

Ukitaka haki, toa warushaji wote kwenye wastani, halafu rekebisha na viwanja kama Likoni alivyodai. Kipimo cha namna hiyo kipo. Kinaitwa OPS+. Unachukua asilimia ya kufika besi, ya Ferrell ni .351, unajumlisha na slagingi .446, unapata .797. Kisha unalinganisha na ligi iliyosafishwa warushaji na kurekebishwa viwanja. 100 ndiyo wastani kamili. 120 ni mpigaji mzuri wa kutegemewa. 80 ni mtu anayetegemea ulinzi kula.

Ferrell ana ngapi?

Mwana wa Likoni

Naweka dau 85.

Fundi Saa

90.

Chapa Lapa

Mimi sijui kitu lakini naweka 110 kwa ajili ya uchangamfu.

Dokta wa Mpira

100.

Mia kamili. Siyo 99 wala 101.

Nyuki wa Tabora

Dokta umenibomoa na kunijenga kwa wakati mmoja. Kichwa cha uzi kinasema "kuliko wapigaji" na sasa naona nimezidisha chumvi. Hakuwazidi. Alikuwa katikati yao kabisa, kama mtu aliyepimwa kwa rula.

Ila ngoja, nikae nalo kidogo. Wastani wa ligi kuu siyo mtu wa kawaida. Ni mchezaji anayepangwa kila siku na timu inafurahi kuwa naye. Ukimwondolea Ferrell mkono wake wa kurusha, bado ni mtu wa kikosi cha kwanza. Na mwaka 1933 alipoumwa mkono, Cleveland walifanya hivyo hivyo, wakamweka uwanjani kule nje kama mlinzi wa kawaida kwa mechi 13, apige tu.

Halafu OPS+ inachanganya vitu viwili, kufika besi na nguvu. Mimi nilitaka nguvu peke yake.

Mhasibu Mstaafu

Nguvu peke yake ni rahisi. Chukua slagingi, toa wastani wa kupiga. Kinachobaki ni besi za ziada tu, yaani nguvu tupu. .446 toa .280 ni .166. Ligi ya miaka ile ilikuwa inapata karibu .120. Hata ukiongeza kidogo kwa ajili ya maembe mabovu ya Dokta, bado jamaa yuko juu.

Kwa hiyo kichwa cha uzi kiache kama kilivyo, ila ongeza neno "kwa nguvu".

Mama Kisamvu

Hivi nyie wanaume mnajua Ferrell alikuwa na kaka? Mbona hamjamtaja? Rick Ferrell, mdakaji (yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira ya mrushaji), kazaliwa 1905. Yuko kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli kule Cooperstown tangu 1984. Wes hayupo.

Leteni namba za Rick tuone damu ilikwenda wapi.

Mhasibu Mstaafu

Mama umenipa kazi ya jioni nzima. Hizi hapa.

Rick: mara za kupiga 6,028. Homrani 28. Wastani .281. Slagingi .363.

Wes: mara za kupiga 1,176. Homrani 38. Wastani .280. Slagingi .446.

Tazama wastani wa kupiga. .281 na .280. Tumbo moja, karibu sawasawa. Sasa tazama nguvu tupu: Rick .082, Wes .166. Mara mbili. Rick alikuwa anapata homrani moja kila mara 215. Wes kila mara 31. Kaka alicheza kila siku kwa miaka kumi na minane akapitwa homrani kumi na mdogo wake aliyekuwa anapiga mara mojamoja.

Chapa Lapa

Hii imenigusa. Mimi na kaka yangu tuna urefu sawa lakini yeye ndiye anaitwa kubeba magunia.

Dokta wa Mpira

Na OPS+ ya Rick ni 95. Kwa hiyo mrushaji ndiye alikuwa mpigaji bora nyumbani, na kaka ndiye aliyepewa nafasi Cooperstown. Kwa haki ya Rick, alikuwa anafika besi kuliko Wes, .378, na udakaji ni kazi ya kuumiza magoti. Sisemi hakustahili. Nasema tu.

Mwana wa Likoni

Wes hayuko Cooperstown kwa sababu ya kurusha, siyo kupiga. Ushindi 193, na wastani wa kufungwa mikimbio (ndizo pointi za besiboli) 4.04 kwa mechi nzima. Wapiga kura wanaona hiyo nne wanageuza ukurasa.

Dokta wa Mpira

4.04 ya miaka ya thelathini siyo 4.04 ya leo. Enzi zile mikimbio ilikuwa inamwagika. Ukilinganisha na ligi yake na viwanja vyake, alikuwa bora kuliko wastani kwa asilimia kama 16. Ni kosa lile lile la kusoma namba bila kusoma ligi yake. Kwa kupiga wastani wa ligi ulikuwa unampamba, kwa kurusha ulikuwa unamchafua.

Ila ligi haina lawama kwa yote. Mkono ulichoka mapema, na hasira zake zilikuwa habari nyingine. Mwaka 1936 aliondoka mwenyewe kwenye kilima cha kurushia kule New York katikati ya mechi, klabu ikamtoza faini ya dola 1,000. Dola elfu moja za 1936, mkuu. Hapo unanunua gari na chenji inabaki.

Fundi Saa

Nyuki, marekebisho madogo. Watu wengi wanaandika homrani 38 kama rekodi ya warushaji. Alizopiga AKIWA mrushaji kwenye mechi ni 37. Moja alipiga akiingizwa kama mpigaji wa akiba. Rekodi bado ni yake, ila ni 37.

Nyuki wa Tabora

Sahihi kabisa, na hiyo moja ina hadithi tamu kuliko zile 37. Ngoja niiweke.

Tarehe 21 Julai 1935, Fenway, Boston na Detroit. Boston mrushaji wao siku hiyo ni Lefty Grove, mmoja wa warushaji wakubwa kupata kutokea, na mtu mwenye hasira za kuvunja makabati. Inafika iningi (kipindi) ya tisa, ya mwisho, Boston wako nyuma 6-4, wapo wawili kwenye besi, na zamu ya kupiga ni ya Grove. Kocha Joe Cronin, ambaye mwenyewe ni mchezaji, anamtoa Grove. Anamwingiza nani? Siyo mpigaji. Anamwingiza mrushaji mwingine, Ferrell.

Fikiria hilo kwanza. Benchi zima la wapigaji limekaa pale, na unachagua mrushaji.

Anayerusha upande wa Detroit ni Tommy Bridges, mtu wa mpira unaokata kona kama bodaboda. Ferrell anaupiga unatoka nje. Mikimbio mitatu, 7-6, mechi imeisha, Grove kaandikiwa ushindi.

Kesho yake ni zamu ya Ferrell mwenyewe kurusha, dhidi ya St. Louis Browns. Iningi ya tisa tena. Homrani tena. Boston 2-1. Siku mbili, mechi mbili, mtu mmoja, na kazi iliyoandikwa kwenye mkataba wake ni kurusha.

Chapa Lapa

Hii chai au kweli?

Fundi Saa

Kweli mkuu. Iko kwenye kumbukumbu za mechi.

Mama Kisamvu

Msimu huo si ndio aliochukua tuzo ya mchezaji bora?

Dokta wa Mpira

Alikuwa wa pili, Mama. Tuzo ilikwenda kwa Hank Greenberg wa Detroit. Lakini msimu wenyewe tazama: ushindi 25, kupoteza 14. Kwa gongo .347, homrani 7, slagingi .533. Alicheza mechi 75 na kati ya hizo 41 tu ndizo alirusha. Zilizobaki alikuwa anaitwa kupiga.

Na hapa ndipo nataka kurudi kwenye mizani, maana tumelinganisha na ligi, tukalinganisha na ligi iliyosafishwa, tukalinganisha na kaka. Kuna mlinganisho mmoja tumeusahau, na ndio ulioamua mechi zenyewe.

Siku Ferrell anaporusha, anakalia nafasi ya mrushaji kwenye orodha ya wapigaji. Upande wa pili nafasi hiyo hiyo imekaliwa na mrushaji wao. Wengine wanane wanalingana zaidi au pungufu. Wa tisa ndiye tofauti. Timu moja ina shimo, nyingine ina mpigaji wa wastani wa ligi kuu. Ni kama mechi ya mpira ambayo golikipa wenu anajua kufunga kwa kichwa kila kona na wao golikipa wao anajua kudaka tu. Kwa hiyo OPS+ ya 100, ambayo kwa mlinzi wa nje ni kawaida na kwa mchezaji wa besi ya kwanza ni karipio, kwa mrushaji ni utajiri. Ukiuliza kipaji chake kilikuwa cha kiwango gani, mlinganishe na wapigaji. Ukiuliza alishinda mechi ngapi kwa gongo, mlinganishe na mrushaji aliyekuwa anarusha kinyume chake siku hiyo.

Mwana wa Likoni

Hapo Dokta umenishika. Nakubali.

Lakini bado nataka kujua warushaji wengine. Ferrell peke yake siyo ushahidi, inabidi umweke na wenzake.

Mhasibu Mstaafu

Nimeshafungua daftari.

Bob Lemon, Cleveland. Homrani 37, mara 1,183. Moja kila mara 32, karibu sawa na Ferrell. Wastani .232, slagingi .386, nguvu tupu .154. Huyu alianza kama mchezaji wa uwanjani kabla hajafanywa mrushaji, kwa hiyo gongo alikuja nalo.

Red Ruffing, aliyejulikana zaidi na Yankees. Homrani 36, mara 1,937. Moja kila 54. Wastani .269, slagingi .389. Anapiga salama lakini nguvu ni ya kati.

Warren Spahn. Homrani 35, mara 1,872. Moja kila 53. Wastani .194, slagingi .287. Huyu alipata idadi kwa sababu alirusha mpaka dunia ikachoka.

Ukiwaweka mstari mmoja, homrani ni 38, 37, 36, 35. Unaweza kudhani wako sawa. Ukigawa kwa mara za kupiga wanaachana kama treni ya SGR na ile ya zamani. Lemon peke yake ndiye anamkaribia kwa nguvu, na yeye wastani wake wa kupiga uko chini kwa pointi 48.

Mwana wa Likoni

Babe Ruth je?

Mhasibu Mstaafu

Ruth alihamishwa kabisa akawa mpigaji. Homrani 714 hizo karibu zote hakuzipiga akiwa mrushaji. Hayumo humo.

Chapa Lapa

Na Ohtani? Huyo hata mimi namjua, na siangalii besiboli.

Mwana wa Likoni

Ohtani niachieni mimi, huwa naamka saa tisa usiku kumwangalia na mke wangu ameshazoea. 2024 alipiga homrani 54, lakini msimu huo hakurusha hata mpira mmoja kwenye mechi, mkono ulikuwa umefanyiwa upasuaji. Alikuwa mpigaji maalumu. Kwa miaka mingi homrani zake nyingi ni za siku ambazo harushi. Kwa hesabu ya Fundi Saa ya "akiwa mrushaji", Ferrell bado yuko mbele yake.

Ila tarehe 17 Oktoba 2025, mechi ya nne ya fainali ya National League dhidi ya Milwaukee, alirusha iningi sita bila kuruhusu mkimbio, akatoa watu kumi kwa straiki (waliokosa mara tatu), na akapiga homrani TATU. Mechi hiyo moja. Sijawahi kupiga kelele nyumbani namna ile, mtoto akaamka. Ferrell hana siku kama hiyo.

Nyuki wa Tabora

Ana inayosogelea. 29 Aprili 1931, dhidi ya Browns, alirusha mechi nzima bila kuruhusu pigo salama hata moja, na mwenyewe akapiga homrani na pigo la besi mbili. Aliingiza mikimbio minne. Yaani upande wa pili mapigo sifuri, yeye mrushaji mawili.

Mwana wa Likoni

Haya, hiyo nayo nimeikubali. Ohtani namba moja bado.

Karani wa Kariobangi

Wadau wa Nairobi hatujasikika. Mike Hampton mmemwacha. 2001 akiwa Colorado alipiga homrani 7 kwa msimu. Mrushaji.

Dokta wa Mpira

Karani, Colorado wanacheza Denver, mita 1,600 juu ya bahari. Hewa nyepesi, mpira unapepea.

Karani wa Kariobangi

Basi tujenge uwanja Nairobi, tuko karibu mita 1,800. Tutavunja rekodi zote kwa msimu mmoja. Hata mimi na kitambi nitapata mbili.

Fundi Saa

Kitambi siyo kizuizi. Bartolo Colón, 7 Mei 2016, San Diego, akiwa na miaka 42, akapata homrani yake ya kwanza na ya mwisho. Ndiye mzee kuliko wote kupata homrani ya kwanza ligi kuu. Alizunguka zile besi kama anakwenda sokoni asubuhi, hana haraka. Maisha yake yote wastani .084, mapigo salama 25 kati ya mara 299, slagingi .107.

Mhasibu Mstaafu

Besi 32 kwa 299. Iko sawa, .107.

Ferrell kwa msimu wa 1931 peke yake alipata besi 72. Zaidi ya mara mbili ya maisha yote ya Colón.

Mama Kisamvu

Muacheni mzee wa watu, kila mtu alimshangilia siku ile.

Mimi wa zama hizi ninayempenda ni Madison Bumgarner wa San Francisco. Homrani 19, na mbili kati ya hizo alizipiga siku ya ufunguzi wa msimu 2017, dhidi ya Arizona. Hakuna mrushaji aliyewahi kufanya hivyo siku ya ufunguzi. Na 2016 walikwenda Oakland, ligi ambayo mpigaji maalumu alikuwa anaruhusiwa, kocha Bruce Bochy akasema hamtaki mpigaji maalumu, Bumgarner apige mwenyewe. Na akapiga la besi mbili.

Nyuki wa Tabora

Hiyo ni heshima kubwa kuliko takwimu, Mama. Timu inapewa mtu wa kupiga badala yako, inakataa.

Wakuu nashukuru, nimejifunza. Nimebadilisha maneno kichwani kwangu: kwa jumla wastani wa ligi, kwa nguvu juu ya ligi, kwa nafasi yake hana wa kumfikia. Nitalala leo.

Mama Kisamvu

Usilale. Hujasema ile ya ndugu hawa wawili kukutana.

Nyuki wa Tabora

Uwii, kweli. 19 Julai 1933, Wes akiwa Cleveland, Rick akiwa Boston. Wes anarusha, kaka yake anakuja kupiga. Iningi ya pili, Rick anampiga homrani mdogo wake. Iningi ya tatu zamu ya Wes kupiga, Rick kachuchumaa nyuma yake na glavu ya kudakia, na Wes naye anautoa mpira nje. Ndugu wawili, timu pinzani, mechi moja, kila mmoja na yake. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo.

Chapa Lapa

Subiri kwanza. Kwa hiyo katika zile 28 za Rick, moja alirushiwa na mdogo wake?

Mhasibu Mstaafu

Ndiyo.

Chapa Lapa

Basi kwenye daftari lako, Mhasibu, mwandikie Wes homrani 38 na pasi moja ya goli.